Ugonjwa wa Nyumba ya Kogo Taprandich

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi ya kliniki, soma polepole, hawatakuita karibuni. Mimi nimekaa kwenye benchi hizo mpaka najua ipi ina msumari. Siku zile nilitamani nipate mtu mmoja wa kunieleza, si ugonjwa, maana wa kuueleza ugonjwa walikuwa wengi, bali jinsi mtu anavyoamka asubuhi akawasha jiko, akapeleka watoto shule, huku anaogopa. Mimi niliogopa sana. Nasema hili mapema ili usije ukadhani unasoma habari za shujaa.

Naitwa Rael. Hapa Merigi, Bomet, wengi wananiita Fundi, kwa sababu nashona sare za shule, na wengine Mama Cherono, kwa jina la binti yangu wa pekee. Mume wangu, Wesley, anaendesha lori la kukusanya majani ya chai kutoka vituo vya wakulima mpaka kiwandani. Ni watu wa kawaida tu sisi. Tuna ng'ombe wawili, chai kidogo nyuma ya nyumba, na mdomo wangu ambao Wesley husema ungetosha kuendesha lori bila mafuta.

Uvimbe niliupata mvua ndefu zilipoanza. Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya kukatia, kifua kimegusa ubao, nikasikia kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama kifungo kilichosahaulika ndani ya pindo. Nikasimama wima. Nikajiambia ni maziwa yaliyoganda, ilhali mtoto wangu wa mwisho alikuwa darasa la nne. Mtu akiogopa hujidanganya uongo ambao hata mbuzi hawezi kuukubali. Nilimaliza sare za shule mbili kabla sijamwambia mtu yeyote.

Hospitalini walichukua kinyama kwa sindano, wakaniambia nirudi. Siku ya kurudi ilinyesha mvua ya mawe, ile inayotoboa majani ya chai mpaka shamba zima linabaki kama nguo iliyoliwa na panya. Daktari aliongea, na juu ya paa la mabati mawe yalikuwa yanapiga, nikamwomba arudie. Akarudia. Ilikuwa saratani. Sijui kwa nini nilimwomba arudie.

Wesley alipoambiwa alisema, "Wamekosea." Akasema tena, "Hao wamechanganya na ya mtu mwingine." Kisha akatoka nje akaenda kuangalia tairi za lori, zikiwa hazina shida yoyote.

Mama yangu yeye hakusema wamekosea. Aliketi jikoni kwangu, akafunika mdomo kwa leso, akasema, "Ni Taprandich."

Hapo lazima nieleze. Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama humkalia wakitaja majina ya wafu wa ile nyumba, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina analolipigia chafya ndilo lake, maana huyo ndiye aliyerudi. Mimi nilipiga chafya kwa jina la Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya. Huyu alikuwa kogo wangu upande wa Baba, mwanamke aliyekuwa na ng'ombe wengi na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Tangu utotoni nikibishana na mtu, watu hucheka, "Mwacheni, huyo ni Taprandich." Nililipenda hilo. Lakini Taprandich alikufa kwa kidonda cha titi. Dada yake naye vilevile. Na binti wa dada yake, aliyekuwa ameolewa Roret, naye vilevile, akiwa bado kijana. Hayo sote tuliyajua, ila tuliyajua kama watu wanavyojua kwamba mto huwa unafurika. Sasa maji yalikuwa yameingia jikoni.

"Amerudi na kila kitu chake," Mama alisema.

Nilimwambia anyamaze. Sijawahi kumwambia mama yangu anyamaze kabla ya siku hiyo.

Dawa ya mshipa, ile kila mtu anaita kemo, niliipata wakati wa baridi. Wewe unayeisubiri, sikudanganyi: nywele zinatoka, kucha zinakuwa nyeusi, na mdomo unaonja chuma. Kilichoniumiza zaidi ni chai. Mtu wa huku asiyekunywa chai hajui la kufanya na mikono yake mgeni anapoingia. Mimi chai ilinitapisha, na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, nikakatazwa. Hata harufu ya majani mabichi ilinipindua tumbo, na mume wangu hunuka majani mabichi kuanzia kola mpaka soksi. Basi Wesley akawa anavua nguo za kazi kwenye zizi la ng'ombe, anaoga pale nje kwa maji baridi, na unajua baridi ya Julai huku, kisha anaingia ndani akitetemeka meno. Wakati huohuo alihamia kulala sebuleni, akasema ni ili nipumzike. Nilijua si kwa hilo tu. Aliogopa kunigusa, na mimi niliogopa asiniguse, na hayo mawili hatukuyazungumza mpaka mwaka uliofuata.

Kwenye kliniki nilimpata Mama Kwamboka. Ni Mkisii, anauza ndizi soko la Roret, na alikuwa na ugonjwa kama wangu, titi lilelile la kushoto. "Sisi ni mapacha," aliniambia siku ya kwanza, "ila mimi ndiye mzuri." Wengi waliokaa nasi walikuwa wa koo, kwa kuwa Bomet hii saratani inayojulikana ni ya koo. Wazee walioshika chupa za maziwa ambayo hayashuki. Vijana wa mashamba makubwa ya chai waliotoka upande wa ziwa kutafuta kazi, wakarudi kwao na shingo nyembamba. Mama Kwamboka aliwagawia ndizi zilizoiva sana, akiwaambia wanyonye tu. Mzee mmoja alijaribu, ikashuka, akalia machozi kwa furaha. Nami nikalia. Ukiwa mgonjwa huruma ndogo inakuvunja kuliko sindano.

Titi walilitoa mvua za vuli zilipofika. Nilitazama siku ya tatu walipofungua bandeji, na nilichoona ni mshono. Mshono mzuri, nitasema ukweli, mimi ni fundi. Nyumbani nilijishonea kifuko nikakijaza punje za wimbi, kwa sababu pamba haina uzito na nilikuwa natembea upande. Kilikaa vizuri mpaka siku niliyonyeshewa kutoka kanisani. Wimbi ukaloa, na baada ya siku chache ukaanza kunuka kama busaa. Wesley alinusa, akanusa tena, akauliza kwa upole mwingi kama nimeanza kunywa. Tulicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Usiku huo alirudi kulala chumbani.

Kiangazi, chai ikiwa imepungua, nilienda Eldoret kuchomwa kwa mashine ya mionzi. Nilirudi na ngozi nyeusi kama sufuria, lakini nimemaliza. Watu walikuja kusali. Nami nikadhani ndio mwisho.

Haukuwa mwisho. Kabla ya kunikata walikuwa wamenipeleka kwa Daktari Atieno, mwanamke wa Kijaluo, mpole, anayeshughulika na magonjwa yanayofuata ukoo. Aliniuliza nani katika familia amewahi kuugua, nami nikamtajia kama mtoto anayejibu somo la dini: Kogo Taprandich, dada yake, binti wa dada yake. Alichora ukoo wangu, duara kwa wanawake na miraba kwa wanaume, akazipaka wino zile za wagonjwa. Upande wa Baba ulijaa wino. Damu yangu ikapelekwa ng'ambo kupimwa, na majibu yakarudi mvua ndefu zilipoanza tena.

"Mama Cherono," alisema, "kwenye damu yako wamepata herufi moja ya urithi imebadilika."

"Ni mbaya?"

"Hawajui."

Nilimwangalia. Nilitaka kucheka. "Wamechukua damu yangu wakaivusha bahari, halafu hawajui?"

"Sikiliza, nisikufiche. Hii kazi, vitabu vyake vimejaa watu wa Ulaya. Wale wamepimwa wengi, kwa hivyo ukileta herufi yao, wanakuambia hii ni mbaya, hii ni sawa. Kuna sehemu zingine za dunia, watu wanajulikana kabisa herufi yao mbaya ni ipi. Lakini watu wa huku kwetu, wa kwangu ziwani na wa kwako Bomet, waliopimwa ni wachache sana. Hiyo yako inaweza kuwa mbaya. Inaweza pia kuwa kitu ya kawaida kwa watu wenu, vile mtu anazaliwa na mwanya."

"Sasa tutajuaje?"

"Herufi hatuwezi kuisoma. Tunasoma familia." Akagusa ile karatasi. "Na familia yako, mama, ni nzito."

Ushauri wake ulikuwa huu: titi la kulia litolewe kabla halijaugua, na vifuko vya mayai ya uzazi vitolewe pia. Tukapanga Agosti. Na Cherono apimwe herufi hiyo. Akiwa nayo, na familia ikiwa hivyo, naye angekalishwa siku moja kwenye chumba kama kile na kuambiwa maneno kama yale.

Cherono alikuwa na miaka ishirini, anasomea ualimu wa watoto wadogo pale Kericho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakatwa, sikuogopa kisu tena. Niliogopa kisu kitakachomwendea mtoto wangu kupitia kwangu. Hofu hiyo ilikuwa nyingine kabisa. Nilikuwa nikisimama kumhudumia mteja nashika meza.

Alikuja nyumbani wakati wa likizo, nami nikataka kumshonea gauni la sherehe ya kumaliza chuo. Nilitoa tepu. Alipoona tepu inakuja kifuani alinishika mkono.

"Usinipime kifua, Mama."

"Nitashonaje?"

"Shona kwa kukadiria. Ukipima utakuwa unatafuta."

Alisema kweli. Nilimpima urefu na kiuno. Mabega sikuhitaji kuyapima, nayajua: la kushoto limeshuka kidogo, kama langu, kama la Baba, na siku zote kitambaa cha upande huo napunguza. Kifua nikakadiria. Gauni lilitoka baya, la kwanza baya kutoka mkononi mwangu baada ya miaka mingi, na Cherono akasema ni zuri.

"Kupimwa damu nako sitaki," aliniambia siku aliyorudi chuo. "Nikiambiwa ninayo, nitaishi vipi? Nitakuwa nangoja tu."

"Na usipopimwa?"

"Nitangoja pia. Lakini angalau sitakuwa na hakika."

Basi ikawa Julai tena. Nilienda kliniki kuchukuliwa vipimo vya operesheni, na Mama Kwamboka alikuwepo. Tulikaa muda mrefu, na kwa kuwa hofu hunifanya niropoke, nikamsimulia habari za Taprandich: alivyokuwa na ng'ombe, alivyokuwa mkali, alivyofiwa na mume bila kupata mtoto, akasema nyumba haitazimika, akatoa ng'ombe zake mwenyewe akamwoa Kogo Leah, ambaye ndiye alimzaa Baba. Nilisimulia kwa kujivuna.

Mama Kwamboka hakushangaa. "Hata kwetu wako, wanawake wa kuoa wanawake ili boma isife." Akamenya ndizi. Akauma. Akaacha kutafuna. "Ngoja kwanza. Huyu Taprandich wako alikuwa tasa?"

"Ndiyo."

"Na si ndiye mwenye kidonda? Yeye na dada yake?"

"Ndiyo."

"Sasa ugonjwa ulipitia wapi mpaka ukufikie wewe?"

Naapa nilifungua mdomo kumjibu. Nilitaka kusema, kwa Baba, Baba ni mtoto wake. Na kweli ni mtoto wake. Alitoa ng'ombe, alimlea, alimpeleka jandoni, jina la nyumba yake ndilo jina letu. Nikifa nitatajwa kwenye nyumba ya Taprandich. Daktari aliponiuliza kuhusu watu wa baba yangu, nilimtajia watu wa baba yangu, na mama yangu angetaja haohao, na mzee yeyote wa Bomet angetaja haohao. Hakuna aliyedanganya. Lakini tone la damu ya Taprandich mwilini mwangu halikuwemo.

"Mama Cherono, umekuwa mweupe," alisema Mama Kwamboka. "Kula ndizi."

Niliingia kwa Daktari Atieno bila kuitwa. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alichukua ile karatasi akaitazama kwa muda mrefu, kisha akapiga mstari juu ya zile duara zote za wino. Zote. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima nikavuta pumzi mpaka chini. Halafu akauliza, "Huyu Leah alikufa na nini?"

"Uzee."

"Sawa. Na mwanaume aliyempa mimba, baba mzazi wa baba yako? Watu wake wana afya gani? Kwa sababu hao ndio wako, na hapa kwangu sasa ni nafasi tupu. Inaweza kuwa afadhali, inaweza kuwa mbaya zaidi."

Hofu yote ikarudi. Maana hilo ni swali lisiloulizwa. Mwanamume wa namna hiyo hana jina. Anakuja, nyumba inapata mtoto, na kinywa kinafungwa. Kumtaja ni kumwambia mtu mzima na ndevu zake kwamba hana nyumba.

Nilimuuliza Baba akiwa anakunywa chai kwangu, kama afanyavyo kila Jumapili baada ya kanisa. Nilizunguka sana kabla ya kufika. Alipoelewa aliweka kikombe chini.

"Nani amekutuma uniulize hiyo?"

"Hakuna, Baba. Ni hospitali."

"Hospitali ndiyo ilitoa ng'ombe za mimi kuoa mama yako? Taprandich ndiye alitoa. Mimi ni wa Taprandich. Na wewe ulipiga chafya kwa jina lake, nilisikia na masikio yangu." Akakisukuma kikombe mbali. "Unataka nimtoe kaburini nimwambie hakunizaa?"

"Sitaki umtoe, Baba. Nataka Cherono asikatwe."

Alisimama akaondoka. Kikombe kilibaki nusu, na kofia yake ikabaki kwenye kiti. Jumapili iliyofuata hakuja. Na ile nyingine hakuja. Mama alinipigia simu kuniambia kwamba mzee hali chakula vizuri na ni mimi nimemfanyia hivyo. Agosti ilikuwa inakaribia, nami kila nikipita karibu na ile kofia niliona nimepoteza wote wawili, baba na mtoto, kwa swali moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema uchi wenyewe ukiwa wa baba yako unafanyaje.

Alikuja siku ya Jumatano, mvua ikimnyeshea kichwani.

"Nimefuata kofia," alisema.

Nikampa. Akaivaa. Hakuondoka. Alitazama ng'ombe wangu kana kwamba anawanunua.

"Jumamosi naenda Chebunyo kuangalia ndama. Kama nyinyi mnataka kutembea, tembeeni. Msichana naye aje."

Chebunyo si kama huku kwetu kwa chai. Ni joto, kuna vumbi na miti ya miiba, na ng'ombe ndio watu wenyewe. Tulifika kwenye boma moja, na Baba akaenda moja kwa moja kwenye zizi akaanza kuzungumza na wanaume habari za ndama. Hakututambulisha. Hakugeuka. Mimi na Cherono tulibaki uani, mbele ya mama mzee sana aliyekaa kwenye kigoda akiota jua.

"Chamge, kogo," nilimsalimia.

Aliitikia. Alinitazama kipaji cha uso, akamtazama Cherono, akarudi kwangu. Nami nikamtazama kwa jicho langu la kazi, nisingeweza kujizuia. Gauni lake lilikuwa limeshonwa na mtu asiyejua, limening'inia upande. Limening'inia upande wa kushoto. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka.

Nilikaa chini kwenye vumbi bila kukaribishwa, mbele ya dada wa yule mtu asiyetajwa.

"Nasikia kuna hospitali inawakata watu wa kwenu," alisema kwa Kipsigis. Sauti yake ilikuwa kavu na nzima.

"Ndiyo, kogo."

"Hapa?" Akagusa kifua.

"Hapo. Mimi wamenikata. Wanataka kujua kama na huyu." Nilishindwa kuendelea.

Yule mama alitazama upande wa zizi, akahakikisha wanaume wametupa migongo. Kisha akaanza kufungua vifungo vya gauni lake, kimoja kimoja, kwa vidole vilivyopinda, polepole mno, mpaka nikataka kumsaidia kama ninavyowasaidia wateja. Akalifungua, jua likaingia. Matiti mawili, marefu, makavu, mazima. Hakuna kovu, hakuna shimo.

"Haya yamenyonyesha watoto wengi kuliko vidole vyako," alisema. "Mama yangu alizikwa na yake. Dada zangu walizikwa na yao, na walikuwa wazee bila meno. Binti zangu wako hapo nyuma wanakamua, nenda uwaulize, watakufungulia." Akamgeukia Cherono. "Wewe, njoo. Mbona unaogopa? Hayana mwiba."

Cherono alisogea. Alinyoosha mkono, mtoto wangu aliyekuwa hataki kukitazama kifua chake mwenyewe kwenye kioo, akaweka kiganja pale, akakiacha. Niliona mabega yake yakianza kutikisika. Yule mama alimwacha alie mpaka akamaliza, ndipo akafunga vifungo.

"Hospitali wakiuliza ni ya nani," aliniambia, "waambie umeona ya jirani."

Tulipokuwa tunarudi Baba alisema jambo moja tu. "Ndama mwenyewe mbovu," alisema. "Amekonda." Nami nikasema, "Kongoi, Baba," yaani asante, naye akasema hakuna cha kushukuru, ndama hakumnunua.

Daktari Atieno alijaza ile nafasi tupu duara moja baada ya nyingine, zote bila wino. "Na huyu wa kwanza, aliyekuonyesha, nimwandike nani?"

"Jirani."

"Jirani vipi?"

"Wa karibu sana."

Alinitazama juu ya miwani. Akaandika jirani. Ziwani nako wana mambo yao.

Operesheni ya Agosti aliifuta. Alisema kwa familia ya namna hii haoni sababu ya kukata kilicho kizima, nitakuwa naangaliwa kila mwaka, na Cherono ataanza kuangaliwa mapema kidogo kwa sababu yangu. Herufi bado iko. Bado hakuna anayejua inasema nini. Alisema watu wa huku wakiendelea kupimwa huenda siku moja wakaisoma. Kila mwaka nikingoja jibu nashika meza tena, na simu ya hospitali ikiita naiacha iite kwanza. Sitakudanganya kwamba hofu ilikwisha. Ilipungua ikawa ya kubebeka.

Lakini wewe uliye kwenye benchi, ukiulizwa habari za ukoo wako, usijibu kama nilivyojibu mimi. Uliza kwanza nani alimbeba nani tumboni, na kama kwenu kuna mlango uliofungwa, mwombe mwenye ufunguo mapema, kabla hamjapanga siku ya kisu. Na ukimwomba, mwachie kofia yake mahali atakapoiona.

Baba amerudi kunywa chai Jumapili. Taprandich hatujamtoa popote; mimi bado nabishana na watu, na bado wanacheka na kuniita kwa jina lake, nami naitika.

Mwezi uliopita Cherono aliingia dukani kwangu akiwa na kitambaa cha bluu alichonunua kwa mshahara wake wa kwanza. Alitaka gauni jingine. Alisema lile la kwanza lilikuwa baya sana na alilivaa kwa kunihurumia. Nilichukua tepu, nikampima urefu, nikampima kiuno, nikafika kwenye kifua nikasimama.

"Pima," alisema.

Nilikuwa naogopa, naye aliona naogopa, akanyanyua mikono.